Hodi ya Tatu

Siku ile nyumbani walikuwapo shangazi yetu, dada wa baba, aliyetulea. Kitinda mimba wetu, msichana wa miaka kumi na sita. Bibi wa nyumba ya pili, aliyekuja kusoma Yasini. Na mtoto wa mgonjwa, wa miaka mitatu, aliyekuwa uani akichezea vifuu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mdogo wangu anayenifuata, na ndiye aliyekuwa akikata roho. Mumewe alikuwa Horohoro, karani wa duka, habari hazijamfikia. Mimi, mkubwa wao, sikuwapo. Nilikuwa kazini, mwendo wa robo saa kwa baiskeli, nimeketi gizani nikijaribu kukiweka kipande cha madini ya risasi, kidogo kuliko ukucha, mahali pake.

Nimewataja hao kwanza kwa sababu ndio waliobeba yale yaliyosemwa chumbani. Mimi niliyapokea kutoka kwao, vipande vipande, na kipande kimoja hakuna aliyeweza kunipa.

Tulikuwa watatu. Mama alifariki akimzaa kitinda mimba. Baba alimfuata nikiwa darasa la sita, na wiki ya pili baada ya kumzika nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamrudishia vitabu. Mwalimu aliniambia nisubiri walau mtihani, nikamjibu kuwa nyumbani kuna watoto wawili wa kike na shangazi mjane. Hakunibishia. Nilijifunza kushona kofia kwa mzee mmoja wa Ngamiani, kofia za mkono zenye vitobo, ambazo kila kitobo huzungushiwa uzi mwembamba mpaka kisimame chenyewe kama jicho. Kofia moja ilinichukua mwezi. Kazi hiyo ilinipa vitu viwili, mkono usiotetemeka na subira ya kutazama kitu kimoja siku nzima.

Kaka mkubwa asiye na baba anakuwa baba kabla ndevu hazijaota. Niliwalea wadogo zangu kwa adabu kali, pengine kali kupita alivyokuwa baba, kwa kuwa niliogopa watu wasije wakasema tumeharibikiwa. Hawakutoka bila kuaga. Hawakula wamesimama. Na hodi niliwafundisha kama tulivyofundishwa chuoni, kwenye kisomo cha Kurani, kwamba mtu anapiga hodi tatu, sauti ya kadiri, akinyamaza kidogo baina ya moja na nyingine. Asipoitikiwa anarudi alikotoka au anakaa mbali na mlango akingoja, wala hachungulii, wala hasukumi. Kitinda mimba aliwahi kuingia kwa jirani baada ya hodi moja tu, nikamrudisha kwa kumshika sikio akaanze upya. Alikuwa na miaka saba. Hakurudia tena maisha yake yote.

Miaka ya hamsini, kofia za mashine zilipojaa madukani, nikapata kazi ya kufagia katika nyumba moja upande wa bandarini ambayo watu waliiita nyumba ya mawe. Kampuni moja ilikuwa imeweka pale Mzungu mmoja mzee, mtaalamu wa mawe. Aliletewa magunia ya mawe kutoka Maramba na kutoka bondeni kule mpakani, mengine meusi hayana sura, mengine vijiwe vyekundu vya kupendeza, naye kazi yake ilikuwa kusema hili ni jiwe gani na ndani yake limejengwaje. Kwa kazi hiyo alikuwa na mashine ya eksirei. Siyo ile ya hospitali ya kupiga kifua. Hii ilitoa mwale mwembamba kama sindano, ukapita kwenye kijiwe kidogo kama punje ya chumvi, na nyuma yake kulikuwa na filamu. Mwale ukipita ndani ya jiwe, sehemu yake ndogo sana hutawanyika pande zote kwa mpango, ikaacha nukta kwenye filamu. Kila jiwe lina nukta zake. Mzungu alizisoma kama sisi tunavyosoma maandishi.

Tabu ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya mwale haitawanyiki. Inapita moja kwa moja, nayo ina nguvu mara elfu kuliko zile nukta. Ikifika kwenye filamu inaiunguza, inaacha doa jeusi linalotanda na kumeza kila kitu. Basi mbele ya filamu, katikati kabisa, huwekwa kikombe kidogo cha risasi, risasi ileile ya chubwi za mishipi, kimeshikwa na waya mwembamba, ili kiumeze mwale huo na kuuzuia. Kikikaa pembeni kwa upana wa unywele, mwale unapenya. Ukiweka kikombe kikubwa ili usisumbuke, kinaficha nukta za karibu, na Mzungu aliniambia hizo ndizo zenye maana zaidi.

Yeye macho yalikuwa yamekwisha kuchoka na vidole vilikuwa vinatetemeka. Siku moja alikuwa akihangaika kupitisha waya kwenye tundu la kile kikombe, mimi nafagia, nikamwomba ruhusa, nikaupitisha mara moja. Alinitazama, akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwonyesha kofia niliyovaa. Tangu siku ile ufagio alipewa mtu mwingine.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Unaweka nyuma ya kikombe kibao kilichopakwa dawa inayong'aa kijani ikipigwa na eksirei, unakitazama kupitia kioo kizito chenye risasi ndani yake. Lakini mng'ao huo ni hafifu sana, hauonekani mpaka macho yazoee giza. Kwa hiyo unafunga madirisha kwa mapazia meusi, unakaa robo saa nzima bila mwanga, hata wa kiberiti, ndipo unafungua mlango wa mwale. Hapo unaona nukta ya kijani ndogo kama punje ya mtama. Kikombe kina skrubu mbili, moja ya kupandisha na kushusha, moja ya kulia na kushoto. Unazungusha kidogo, unangoja, unazungusha kidogo. Kivuli cha kikombe kinaanza kuila ile nukta upande mmoja, kama mwezi ukiliwa. Inapobaki duara nyembamba ya mwanga pande zote sawasawa, umefika.

Nje ya mlango kulikuwa na taa nyekundu. Ikiwaka, hakuna kufungua. Mtu akifungua, mwanga unaingia, macho yanapotea, unaanza robo saa yako upya. Na kama filamu iko wazi, imekufa. Mlinzi wetu, Mbondei mmoja mtu mzima mwenye maneno mengi, aliwahi kugonga mlango akitaka kuniambia kuwa baiskeli yangu imeanguka. Nilimfokea mbele ya watu, na haikuwa heshima, kwa umri wake. Alicheka tu, lakini tangu hapo aliniita Bwana Giza. Kila mtu akija kunitafuta alimwambia, "Bwana Giza yumo chumbani kwake. Taa hii ikiwaka hata mwenye kampuni haingii. Na siku akifa mtatuletea shida, maana itabidi tumzike na taa yake."

Mdogo wangu alirudi nyumbani kutoka kwa mumewe akiwa tayari amepungua. Kifua. Alichomwa sindano za hospitali miezi mitatu, akapata nafuu ya kukaa, hakupata ya kusimama. Ramadhani ikampita akiwa kitandani. Mume alikuja kila mwisho wa mwezi na kitu cha jikoni, akikaa kando ya kitanda bila kujua aweke wapi mikono. Alikuwa mtu mwema.

Asubuhi ya siku ile niliingia kumjulia hali kabla ya kutoka. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Alinishika mkono wa kanzu, akasema, "Kaka, nina neno lako. Nina deni."

Shangazi alikuwa akikunja mashuka. Bibi jirani alikuwa mlangoni na msahafu wake. Mgonjwa aliwatazama, akanyamaza, na mimi nikaelewa deni la namna gani. Kwetu mwanamke anahesabu siku za Ramadhani zilizompita, za mwezi wake, za uzazi, za kunyonyesha, naye anazilipa polepole kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Anajua hesabu yake mwenyewe na Mungu wake. Si jambo la kumtajia ndugu wa kiume. Lakini mtu akifa nazo, anayepaswa kuzilipa ni walii wake, na baba hayupo, walii ni mimi. Alitaka kunikabidhi. Alitaka nikubali kwa kinywa changu, na watu watoke kwanza.

Ningewaambia watoke. Ilikuwa dakika mbili. Nilimwambia, "Nikirudi mchana tutakaa tuzungumze." Alisema, "Haya, kaka." Akauachia mkono wa kanzu yangu.

Nilikuwa na haraka. Mashine ilikuwa imewekwa chupa mpya, ile inayotoa mwale, iliyokuja kwa meli, na chupa ikibadilishwa mwale hautoki palepale ulipokuwa ukitoka. Kila kitu lazima kilinganishwe tena, mrija wa kupitishia mwale, meza, kikombe. Tulikuwa tumeshinda siku mbili kwenye mrija. Siku ya tatu ilikuwa ya kikombe, na Mzungu alikuwa asafiri kesho yake na filamu ya jiwe moja jekundu mkononi. Nilijiambia kuwa nisipokwenda nitapoteza kazi, na kazi hii ndiyo dawa ya mgonjwa. Hayo yalikuwa na ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba niliipenda. Mimi niliyerudisha vitabu darasa la sita nilikuwa mtu pekee pale Tanga aliyeweza kuifanya, na sijawahi kuacha kitu nilichokianza.

Nikafunga mapazia, nikawasha taa nyekundu, nikakaa. Pampu ya maji ya kupozea mashine ilikuwa ikivuma. Macho yalipozoea nikafungua mwale. Nukta ilikuwa imekwenda kulia na chini, mbali kuliko nilivyotegemea. Nikaanza kuifuata kwa kikombe. Sijui ulipita muda gani. Ndani ya giza lile saa hazina maana. Nakumbuka kivuli kilikuwa kimekwisha kula nusu, kikala robo tatu, bado uzi mmoja wa mwanga upande wa juu, nami nimeshika skrubu kwa ncha za vidole viwili, nimezuia pumzi.

Hapo nikasikia hodi.

Sauti ya mwanamke, ndogo, ikichanganyika na mvumo wa pampu. Kama kulikuwa na nyingine mbili kabla yake sikuzisikia. Hiyo moja niliisikia. Kila siku saa nne kulikuja mama mmoja wa vitumbua, akipita akipiga hodi kila mlango, na mimi mlango wangu ukiwa na taa aliacha changu kwa mlinzi. Nilidhani ni yeye. Nilisema moyoni, ataacha. Sikujibu, kwa sababu kujibu ni kupumua, na kupumua kungeutikisa mkono. Nikazungusha skrubu. Ule uzi wa kijani ukajikunja, ukawa duara.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikaweka filamu, nikangoja muda wake, nikaiosha kwenye dawa mlemle ndani. Ilipotokea, katikati palikuwa peupe, safi, kama kofia iliyotoka kufuliwa, na nukta zimepangika pembeni kuzunguka, hata zile za karibu kabisa. Nikazima taa nyekundu. Nikafungua mlango, filamu ikinidondoka maji mkononi, nikitafuta mtu wa kumwonyesha.

Kitinda mimba alikuwa ameketi kwenye benchi ya ukumbini, buibui lake limemfunika mpaka machoni, mikono magotini. Mlinzi alikuwa amesimama kando na glasi ya maji ambayo haikunywewa. Msichana hakuwa amewahi kutoka peke yake kwenda mahali pa wanaume. Alitumwa kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwanamume wa kutuma.

Alisimama. "Shikamoo, kaka."

Nilimwitikia. Midomo yangu ilikuwa bado na furaha ya filamu.

"Dada anakuita," akasema. "Anakuita sana."

Nikamuuliza amekaa pale tangu saa ngapi. Hakuwa na saa. Alionyesha kwa kidole sakafuni, mahali mwanga wa jua ulipokuwa alipofika, na mahali ulipokuwa sasa. Ulikuwa umesogea vigae vitatu.

Mlinzi hakuwa na maneno siku hiyo. Alisema tu kwamba alimwambia binti angoje, hana muda atatoka. Aliinama akanishikia baiskeli.

Nilimpakia nyuma, kwenye kiti cha mizigo, mchana kweupe, watu wanatazama msichana wa watu amepandishwa baiskeli buibui likipepea. Njia nzima nilisikia pumzi yake mgongoni. Tulipoingia mtaani kwetu nilitega sikio nisikie Yasini. Hapakuwa na sauti. Shangazi alikuwa mlangoni, hakunisubiri nishuke.

"Umechelewa, baba," aliniambia. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, kwa kuwa nilifanana na baba yake.

Mgonjwa alikuwa amekwisha fungwa kidevu. Shuka jeupe lilikuwa limemfika shingoni. Bibi jirani alikuwa ameufunga msahafu, na mtoto alikuwa amepakatwa, anakula muwa.

Shangazi alinisimulia, palepale, na baadaye mara nyingi nilipomwuliza. Kwamba baada ya mimi kutoka alitulia. Kwamba jua lilipopanda alianza kuhema, akasema aitwe kaka. Kwamba shangazi alimsihi, "Niambie mimi, mwanangu, nitamfikishia," naye akajibu kuwa shangazi amezeeka, hataziweza, kaka ndiye atakayezifunga na anataka kusikia akikubali. Kwamba alingoja. Aliuliza mara ngapi sijui kama mlio wa baiskeli ule ni wangu. Baadaye ulimi ukawa mzito. Alipoona sitamwahi, alisema, "Mwambieni nina deni la saumu." Wakamwuliza siku ngapi. Akanyanyua vidole. Mara vitano, mara vitatu, mara mkono wote. Shangazi hakufahamu kama alikuwa akihesabu au akiomba maji. Wakampa maji.

Nilitoka ukumbini. Kitinda mimba alikuwa amesimama kwenye kona, hajavua buibui. Mtu mwenye uchungu hutafuta wa kumtwika, na mimi wa kumtwika alikuwa karibu.

"Kwa nini hukuusukuma ule mlango?" nikamwambia.

"Nilipiga hodi tatu, kaka," akasema. "Ulitufundisha."

"Sikukusikia."

Alilivuta buibui lake usoni. Kisha akasema, taratibu, "Labda sauti yangu ilikuwa ndogo."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache, kwamba nilisikia, nikakudhania mwingine, nikanyamaza kwa ajili ya kazi yangu. Sikuyasema. Watu walikuwa wanaanza kuingia, wanawake wanavua viatu, mtu ananiuliza sanda iko wapi. Nilikwenda kutafuta sanda.

Tulimzika alasiri. Nilishuka kaburini mimi mwenyewe, kumpokea na kumlaza, kwa kuwa ndimi maharimu wake, ndugu wa damu, niliyekuwapo. Alikuwa mwepesi. Mumewe alifika kesho yake kwa lori lililotoka mpakani, akaniuliza kama mkewe aliacha neno lolote kwake. Nikasema alikuwa akimtaja. Shangazi alinitazama, hakunisahihisha.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa mwalimu wetu wa chuo kumwuliza kuhusu deni. Alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kujibu. Ramadhani ya mwaka huu, alipolala mgonjwa, je, aliinuka walau wiki moja baada yake? Hakuinuka. Basi hiyo hadaiwi, hakupata nafasi ya kuilipa. Kabla ya hapo? Ramadhani moja alikuwa na mimba ya mtoto mwingine, aliyefariki, nyingine alikuwa ananyonyesha huyu aliyeko. Na za usichana? Shangazi aliapa kuwa hizo walikuwa wakizilipa pamoja, wawili, mwezi wa Shaabani. Mwalimu akasema mbili zile zisizojulikana nizihesabu kamili, siku sitini, zikizidi ni sadaka yake. Akasema naweza pia kutoa kibaba cha chakula kwa maskini badala ya kila siku. Nikasema nitafunga. Alitaka nizifunge mimi.

Nilifunga Jumatatu na Alhamisi, na niliendelea na kazi, maana nyumba ililazimika kula. Mzungu alinipa pole kwa Kiswahili chake cha kukata. Aliporudi safari aliniambia ile filamu ilionyeshwa kwa wenzake na hakuna aliyeamini ilipigwa Tanga. Alitaka nifurahi. Lakini gizani sikukaa tena kama zamani. Nikizuia pumzi nasikia hodi. Nilifungua mlango mara kwa mara nikakuta ukumbi mtupu, na mlinzi akinitazama bila kuniita jina lile la utani. Filamu zilianza kutoka na doa katikati. Mzungu alivumilia mpaka akashindwa, akamfundisha mtu mwingine, mimi akanipa kazi ya kuandika lebo za magunia. Sikumlaumu.

Siku za kufunga, kitinda mimba ndiye aliyenipikia futari. Uji wa pilipili manga, tende, muhogo wa nazi. Aliweka sinia mbele yangu akarudi jikoni, na mimi sikuona ajabu, wanawake kwetu hula jikoni. Alikuwa amepungua mwili. Shangazi alisema ni majonzi. Wachumba wawili walikuja, akawakataa. Alisema bado ana mtoto wa marehemu wa kumlea.

Siku ya sitini ilikuwa Alhamisi. Baada ya kufuturu nilimwita, nikamwambia leo nimemaliza, dada yetu hadaiwi tena. Alikaa chini kwenye mkeka mbali kidogo nami. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake.

"Alhamdulillahi," alisema. Akamrekebisha mtoto kichwa. "Na mimi leo nimetimiza sitini."

Nikamwuliza sitini zipi.

"Zangu. Nilikuwa nafunga siku zako, kaka, zilizonipita nikazifidia, sikukwambia. Niliona wewe unalipa za dada, na mimi nilipe za mlango."

Sikuelewa, au nilielewa na nikataka nisiwe nimeelewa. Nikamwambia mlango hauna saumu.

"Nilimwuliza mke wa mwalimu," akasema. "Aliniambia hivyohivyo, kwamba hakuna kafara ya jambo hilo, kwamba sikukosa kitu. Lakini yeye hakuwapo. Dada alikuwa anangoja, na mimi nimekaa kwenye benchi nimekunja mikono kwa adabu. Ningepaza sauti kidogo ungenisikia."

Alisema hivyo bila kulia, akimpepea mtoto kwa ukingo wa kanga. Alikuwa akinitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakulizoea. Nadhani alitaka nimwambie kitu. Nadhani kokote nilikopita maishani sikuwahi kuulizwa swali kwa namna ya wazi kama ile.

Nilimwambia, "Mungu atakupokelea."

"Amin," akasema. "Lakini naona bado hazijanitosha. Moyo haujatulia. Nitaendelea."

Akambeba mtoto akaenda kumlaza. Sinia ikabaki mbele yangu.

Aliendelea. Baadaye aliolewa, na mume mvumilivu, akazaa, akalea wake na wa marehemu, na katika yote hayo Jumatatu na Alhamisi hakuziacha ila kwa udhuru. Watu humsifu kwa ucha Mungu wake. Wanawake humfuata awaombee dua. Hakuna ajuaye zilianzaje, ila yeye na mimi, na yeye anajua nusu.

Shangazi amekwisha tangulia. Bibi jirani pia. Mtoto yule sasa ni mama wa watoto na hakumbuki ila vifuu. Waliokuwapo siku ile wenye kuikumbuka tumebaki wawili, kama mimi wa kuhesabiwa, na mmoja wetu anamwomba Mungu msamaha kwa kosa la mwenzake. Nimejaribu. Nimewahi kupanda basi mpaka kwake Mwera nikiwa nimeyapanga maneno njiani, nikamkuta amefunga, ananichekea, ananipangusia kiti, anawaambia wajukuu wamwamkie babu aliyemlea vizuri. Nikanywa maji niliyopewa nikarudi.

Haya nimeyaandika kwa herufi za shuleni, ambazo mimi nilizipata mpaka darasa la sita na yeye hakuzipata kabisa. Yeye anasoma za chuoni tu. Akishika karatasi hizi hataziweza bila mtu wa kumsomea, na sitaki asomewe na mtu mwingine. Inanipasa nimsomee mwenyewe, au niziache karatasi nimwambie tu.

Leo ni Jumatano. Kesho atafunga tena.